Gimlet: Namna ya kusawazisha jini, ndimu na shira nyumbani

Yeyote aliyewahi kutengeneza sharubati ya ndimu anajua mambo mawili. La kwanza ni kwamba ndimu ikizidi, mnywaji hukunja uso. La pili ni kwamba sukari ikizidi, kiu haikatiki na glasi huachwa nusu. Baina ya makosa hayo pana nafasi finyu ambapo uchachu na utamu hupatana, na mpishi hodari huifikia kwa kuonja, kuongeza kidogo na kuonja tena.

Kokteli iitwayo Gimlet, ambayo ni miongoni mwa vinywaji vya jini vinavyojulikana sana duniani, ni sharubati iyo hiyo iliyotiwa pombe kali. Ina vitu vitatu pekee: jini, maji ya ndimu na sukari. Kwa kuwa vitu vyenyewe ni vichache, hapana mahali pa kuficha kosa. Isitoshe, sharubati ikiharibika hasara yake ni ndimu chache na sukari kidogo, ilhali kokteli iliyochanganywa kwa kukisia tu huweza kumdhuru mnywaji, maana utamu na baridi huficha wingi wa kileo kilichomo. Kwa sababu hiyo, anayetaka kuandaa Gimlet nyumbani hana budi kuanza na kipimo kabla ya kufikiria mapambo.

Jini ni nini?

Neno jini linapotajwa kwa Kiswahili, aghalabu msikilizaji huwafikiria viumbe wa hadithi za Alfu Lela Ulela. Kinywaji hiki hakina uhusiano wowote nao. Jina lake lilitokana na neno la Kiholanzi jenever, ambalo asili yake ni juniperus, jina la Kilatini la mti uitwao mreteni. Mreteni wa jini, Juniperus communis, ni mti mfupi wa nchi za baridi wenye matunda ya rangi ya buluu iliyokoza, ukubwa wake ukikaribia ule wa punje ya njegere. Matunda hayo ndiyo huipa jini harufu inayofanana na ya msonobari.

Kenya ina ndugu wa mti huo. Naye ni mtarakwa wa nyanda za juu, Juniperus procera, ambao wakulima wengi huujua kwa nguzo zake za ua zisizooza upesi. Jini ya Procera, inayotengenezwa jijini Nairobi, hutumia matunda ya mtarakwa.

Utengenezaji wake huanza kwa pombe isiyo na ladha, aghalabu ya nafaka, ambayo hukenekwa. Yaani huchemshwa, kisha mvuke wake ukapozwa hadi ukawa kioevu tena. Pombe hiyo hukenekwa mara nyingine pamoja na matunda ya mreteni, mbegu za giligilani, maganda ya limau au machungwa na viungo vinginevyo, kulingana na mapishi ya kila kiwanda. Sheria za Umoja wa Ulaya zinataka jini iwe na kileo kisichopungua asilimia 37.5, na ladha ya mreteni itangulie nyinginezo zote. Marekani inataka asilimia 40.

Jini inayofaa kwa Gimlet ni ile kavu isiyotiwa sukari. Maneno London Dry yanayoonekana kwenye chupa nyingi yanaeleza mtindo wa utengenezaji, wala si lazima jini hiyo iwe imetoka London. Jini za rangi ya waridi na zile zenye ladha za matunda mara nyingi huwa tayari zimetiwa utamu, na anayezitumia huvuruga hesabu yote inayoelezwa hapa chini.

Ni vyema kukumbuka kwamba kabla ya kupanda cheo na kuingia katika hoteli za kifahari, jini ilikuwa na sifa mbaya kama iliyo nayo chang'aa leo. Katika nusu ya kwanza ya karne ya 18, wakazi maskini wa London waliinunua kwa bei ya kutupa katika maelfu ya vibanda, nyingine ikiwa imechanganywa na tapentaini badala ya mreteni. Mwaka wa 1751 mchoraji William Hogarth alitoa picha yake maarufu, Gin Lane, iliyoonyesha mtaa ulioangamizwa na ulevi, na mwaka uo huo Bunge la Uingereza likapitisha sheria ya kudhibiti uuzaji wa jini. Kilichokibadilisha kinywaji hicho baadaye ni udhibiti, mitambo bora ya kukenekea ya karne ya 19, na hatimaye desturi ya kukinywa kwa kipimo kikiwa kimechanganywa na vitu vingine.

Kiseyeye na ndimu ya mabaharia

Ndoa ya jini na ndimu ilifungwa baharini. Kwa karne kadhaa mabaharia wa safari ndefu waliuawa na kiseyeye, ugonjwa unaoozesha ufizi, kulegeza meno na kufumua makovu ya zamani. Chanzo chake ni ukosefu wa vitamini C, ingawa wakati huo hakuna aliyeijua vitamini hiyo. Mnamo Mei 1747, daktari wa meli wa Kiskoti, James Lind, aliwagawa wagonjwa 12 wa manowari ya Salisbury katika jozi sita na kuipa kila jozi tiba tofauti. Wawili waliopewa machungwa na malimau ndio waliopona haraka. Lind alichapisha matokeo hayo mwaka wa 1753, lakini ilichukua hadi mwaka wa 1795 kwa Jeshi la Wanamaji la Uingereza kuagiza mabaharia wake wapewe maji ya limau.

Katika karne ya 19, ndimu za visiwa vya Karibi vilivyotawaliwa na Uingereza zilichukua nafasi ya malimau ya Mediterania. Ndimu hizo zina vitamini C kidogo kuliko limau, jambo lililokuja kueleweka baadaye. Kwa upande mwingine, maji ya ndimu yalihifadhiwa kwa kutiwa pombe ya ramu. Mwaka wa 1867, Lauchlin Rose wa Leith, Uskoti, alipata hataza ya njia ya kuyahifadhi kwa sukari badala ya pombe. Mwaka huo huo sheria mpya ya usafiri wa meli iliwalazimu wenye meli za biashara za Uingereza kuwagawia mabaharia wao maji ya ndimu. Soko la Rose likawa limejitengeneza.

Mabaharia wa kawaida walikuwa na mgao wao wa ramu, uliokomeshwa tarehe 31 Julai, 1970. Maafisa, kwa upande wao, walipenda jini, na kuichanganya na maji ya ndimu yenye sukari lilikuwa jambo jepesi. Kuhusu jina, pana masimulizi mawili. Ya kwanza yanalihusisha na Thomas Gimlette, daktari wa Jeshi la Wanamaji, anayesemekana kuwahimiza maafisa wenzake wanywe ndimu kwa njia hiyo. Ya pili yanalihusisha na gimlet, kekee ndogo ya mkono iliyotumiwa kutobolea mapipa.

Katika vitabu vya mapishi ya kokteli vya miaka ya 1920 na 1930, kikiwemo kile cha Harry Craddock wa hoteli ya Savoy kilichotolewa mwaka wa 1930, Gimlet ni jini nusu na maji ya ndimu ya Rose nusu. Mhusika mmoja katika riwaya ya Raymond Chandler, The Long Goodbye, ya mwaka wa 1953, anashikilia mapishi yayo hayo. Kwa ulimi wa leo mchanganyiko huo una utamu mwingi mno. Wachanganyaji wengi wa sasa hutumia ndimu mbichi na shira, na hiyo ndiyo Gimlet inayoelezwa katika makala haya. Kwa wakazi wa Afrika Mashariki, ambako ndimu mbichi hupatikana sokoni, hapana haja ya kutafuta za chupa.

Hesabu ya usawa

Ladha ya Gimlet husimama juu ya nguzo nne: ukali wa kileo, uchachu wa ndimu, utamu wa shira na maji ya barafu. Nguzo hii ya nne ndiyo husahauliwa na wengi, wakidhani kwamba kazi ya barafu ni kupoza tu. Ukweli ni kwamba barafu ikitikiswa pamoja na kinywaji huyeyuka na kukiongezea maji yanayokaribia nusu ya ujazo wake. Bila maji hayo, jini huunguza koo na shira hunata mdomoni.

Uwiano unaofaa kuanzia ni sehemu tatu za jini kwa sehemu moja ya maji ya ndimu na sehemu moja ya shira. Kwa bahati njema, uwiano huo ni rahisi kuukumbuka kwa vijiko. Kijiko cha mezani cha kupimia huchukua mililita 15, na kijiko cha chai mililita 5. Kwa hivyo, vijiko vitatu vya mezani vya jini, vitatu vya chai vya maji ya ndimu na vitatu vya chai vya shira hutoa glasi moja iliyo sawa. Anayekumbuka tatu-tatu-tatu hahitaji kitabu.

Sababu yake inaeleweka kwa hesabu ndogo. Maji ya ndimu yana asidi inayokaribia asilimia 6. Mililita 15 basi hubeba kasoro ya gramu moja ya asidi. Shira iliyotengenezwa kwa sukari na maji yenye uzito sawa hubeba, katika mililita 15, takriban gramu 9 za sukari. Ni kusema kwamba kila sehemu moja ya asidi hufuatwa na sehemu kumi hivi za sukari, na kwa watu wengi hapo ndipo uchachu huacha kuuma bila utamu kutawala. Ikumbukwe pia kuwa ulimi huhisi utamu kidogo kinywaji kinapokuwa baridi sana. Kinachoonekana kitamu mno kabla ya barafu huenda kikawa sawa baada yake.

Vinavyohitajika

Jini kavu: mililita 45, yaani vijiko vitatu vya mezani.

Maji ya ndimu mbichi: mililita 15, yaani vijiko vitatu vya chai.

Shira: mililita 15, yaani vijiko vitatu vya chai.

Barafu: vipande sita hadi vinane vikubwa, vilivyotoka kwenye friza wakati huo huo.

Chombo cha kutikisia: chupa ya jemu yenye mdomo mpana na kifuniko kinachokaza hutosha.

Kichungi cha chai na glasi ndogo iliyowekwa kwenye friji angalau nusu saa.

Vijiko vya jikoni hutofautiana kwa ukubwa, na kijiko kinachotumiwa kukorogea chai hakiaminiki. Asiye na vijiko vya kupimia anaweza kutumia kikombe kidogo cha plastiki kinachouzwa pamoja na dawa ya kikohozi. Kikombe hicho kina alama za mililita, na kikioshwa vyema hakina tofauti na kipimo cha mhudumu wa baa.

Ndimu yenyewe isichanganywe na limau. Aghalabu majina hayo hutumiwa ovyo sokoni, lakini ndimu ni lile tunda dogo la mviringo lenye ganda jembamba, la kijani au la manjano likiiva, ilhali limau ni kubwa zaidi, refu kidogo, na lina ncha kama chuchu. Achague ndimu nzito inayobonyea kidogo, maana iliyo ngumu kama jiwe haina maji mengi. Ndimu ndogo moja huenda isitoshe kwa glasi, kwa hivyo ni busara kuwa na mbili.

Shira ya kokteli si ile nzito inayomwagiwa kaimati. Ile huchemshwa hadi ikanata na aghalabu hutiwa iliki, na ikitumiwa hapa kipimo chote huharibika. Chukua gramu 200 za sukari na mililita 200 za maji, weka motoni na ukoroge hadi sukari iyeyuke, kisha epua kabla ya kuchemka. Hupatikana zaidi kidogo ya mililita 300, ambazo hutosha glasi 20. Ikihifadhiwa katika chupa safi ndani ya friji hukaa wiki mbili bila kuharibika. Sukari ya rangi ya hudhurungi inayouzwa katika maduka mengi ya Kenya yafaa pia, ila kinywaji kitakuwa na rangi ya chai hafifu na ladha ya mbali ya sukari guru.

Jinsi ya kuandaa

Kwanza, viringisha ndimu juu ya meza kwa kiganja ili ilegee, ikate katikati na uikamue. Usiiminye hadi tone la mwisho, kwani ganda nalo litatoa uchungu wake. Chuja kwa kichungi cha chai. Maji ya ndimu yatumike siku iyo hiyo, kwa sababu yakilala ladha yake hufifia.

Pili, pima maji ya ndimu na shira, uyatie kwenye chupa ya jemu, kisha ongeza jini. Mpangilio huu una faida yake. Kosa likitokea katika ndimu au shira, kinachomwagwa ni kitu cha bei nafuu.

Tatu, tia barafu hadi chupa ijae zaidi ya nusu, kaza kifuniko, kifunike kwa kitambaa na utikise kwa nguvu kwa sekunde 12 hadi 15. Upande wa nje wa chupa utaanza kuwa na ukungu. Wakati huo kinywaji huwa kimeshuka chini ya nyuzi sifuri, jambo linalowezekana kwa sababu kileo huzuia maji yasigande.

Nne, mimina papo hapo kupitia kichungi katika glasi iliyopozwa. Barafu iliyotumika ibaki kwenye chupa. Kipande chembamba cha ganda la ndimu kikikunjwa juu ya glasi hutoa mafuta yenye harufu nzuri. Pambo jingine halihitajiki.

Baada ya kazi, mikono ioshwe kwa sabuni, hasa ikiwa kinywaji kinaandaliwa nje ya nyumba mchana. Maji ya ndimu yakibaki kwenye ngozi na kupigwa na jua huweza kuiunguza na kuacha mabaka yanayodumu kwa wiki kadhaa.

Jaribio la sharubati

Kwa kuwa ndimu za misimu tofauti hazilingani kwa uchachu, ni vyema kuzijaribu kabla ya kufungua chupa ya jini. Changanya vijiko vitatu vya chai vya maji ya ndimu na vitatu vya shira katika glasi, kisha ongeza vijiko vitano vya mezani vya maji baridi. Onja. Sharubati hiyo ikipendeza, Gimlet nayo itapendeza, kwa kuwa uwiano wa uchachu na utamu ni ule ule. Ikiwa chachu mno, ongeza nusu kijiko cha chai cha shira. Ikiwa tamu mno, ongeza nusu kijiko cha ndimu. Andika kipimo kilichofaa, na ndicho kitakachotumiwa kwa ndimu za fungu hilo.

Jaribio hili lina manufaa mengine. Mgeni asiyetumia kileo, awe ni kwa dini, afya au hiari yake, anaweza kuandaliwa kinywaji hicho hicho kwa barafu na maji ya soda, kikatiwa tangawizi iliyopondwa au jani la mnanaa. Atakaa mezani na wenzake akiwa na glasi inayofanana na zao, wala hapatakuwa na sababu ya kumwuliza maswali.

Dosari na tiba yake

Kinywaji kikiunguza koo, aghalabu hakikutikiswa vya kutosha. Kirudishwe kwenye barafu kwa sekunde tano zaidi kabla ya kuongezwa shira.

Kikiwa chapwa, basi maji yamezidi unga. Sababu kubwa ni barafu ndogo ndogo au iliyokwisha kuanza kuyeyuka mezani. Dosari hii haina tiba katika glasi iyo hiyo, na kuongeza jini ili kuirekebisha ni kosa kubwa zaidi.

Kikiwa na uchungu unaobaki nyuma ya ulimi, ndimu iliminywa kupita kiasi au maji yake yalilala.

Kikiwa kitamu lakini kizito, shira ilikuwa nene kuliko ilivyotakiwa. Ongeza nusu kijiko cha chai cha ndimu na utikise tena.

Mchele mmoja, mapishi mbalimbali

Aliyeshika uwiano wa Gimlet ameshika ufunguo wa milango mingi. Akiweka limau badala ya ndimu anapata gin sour. Hiyo akiimimina katika glasi ndefu yenye barafu na kuijaza maji ya soda, anapata Tom Collins, ambayo kileo chake huenea katika maji mengi na hivyo hunywewa polepole. Akitikisa Gimlet yake pamoja na majani ya mnanaa anapata Southside. Jini ikiondolewa na ramu nyeupe ikachukua nafasi yake, kinywaji huwa Daiquiri ya Kuba.

Hata Dawa, kokteli ambayo watalii wengi huihusisha na Kenya na hasa mkahawa wa Carnivore jijini Nairobi, inafuata kanuni iyo hiyo. Pombe yake ni vodka, uchachu wake ni ndimu, na utamu wake ni asali inayozungushwa kwenye kijiti. Mnywaji hukorogea kijiti hicho mwenyewe hadi utamu ufike anapopataka.

Chupa ya kuaminika

Usawa wa ladha hauna maana ikiwa pombe yenyewe ni sumu. Kenya imezika watu wengi kwa sababu hiyo. Mnamo Novemba 2000, zaidi ya watu 100 walifariki katika mitaa duni ya Nairobi baada ya kunywa pombe iliyotiwa methanoli. Mnamo Mei 2014 makumi ya watu walifariki katika kaunti kadhaa, zikiwemo Embu na Kiambu. Mnamo Februari 2024, zaidi ya watu kumi walifariki katika Kaunti ya Kirinyaga.

Methanoli ni ndugu wa kileo cha kawaida, nayo haiwezi kutambuliwa kwa kuonja wala kunusa. Ndimu haiivunji, shira haiipunguzi, wala barafu haiiondoi. Kinyume chake, kokteli huificha zaidi. Ikiingia mwilini, ini huigeuza kuwa asidi inayoharibu neva za macho. Dalili zake huweza kuchelewa kwa saa 12 hadi 24: kichwa kuuma, kutapika, kupumua kwa shida na kuona ukungu mbele ya macho. Watu wengi hudhani ni uchovu wa pombe wakalala, na wengine hawaamki. Aliyepatwa na dalili hizo apelekwe hospitalini bila kungoja kupambazuke, na wahudumu waelezwe wazi alichokunywa. Tiba ipo, lakini hufaa ikitolewa mapema.

Jini inunuliwe katika duka lenye leseni, kwa chupa ambayo kizibo chake hakijaguswa. Stempu ya ushuru ya Mamlaka ya Ushuru Nchini (KRA) iwe nzima, na yaweza kukaguliwa kwa programu ya simu ya mamlaka hiyo iitwayo Soma Label. Bei iliyo chini mno kuliko ya maduka mengine ni onyo. Chupa tupu za jini zivunjwe au zichanwe nembo kabla ya kutupwa, maana ndizo wahalifu huziokota na kuzijaza upya.

Kiasi

Mililita 45 za jini ya asilimia 40 zina mililita 18 za kileo halisi. Bia ya mililita 500 yenye asilimia 4.2 ina mililita 21. Kwa maneno mengine, glasi moja ya Gimlet yenye ujazo wa mililita 110 hivi, ambayo huisha kwa mafunda machache, inakaribia chupa nzima ya bia. Vijiko vinne vya mezani vya jini badala ya vitatu huifanya ipite chupa hiyo. Hapo ndipo ilipo hatari ya kumimina kwa macho. Mkono wa mwenyeji mkarimu huongeza kidogo kila glasi, na mgeni huamini amekunywa mbili ilhali mwilini mwake zimeingia nne.

Shirika la Afya Duniani (WHO) lilieleza mwaka wa 2023 kwamba hakuna kiasi cha pombe kinachoweza kusemwa kuwa salama kabisa kwa afya. Anayeamua kunywa basi ajue angalau ni kiasi gani anachokunywa. Mjamzito, anayetumia dawa za usingizi na atakayeendesha gari hawafai kuonja kabisa. Sheria ya Kudhibiti Vileo ya mwaka wa 2010 nayo inakataza kumuuzia pombe mtu aliye chini ya miaka 18, na desturi hiyo yafaa izingatiwe nyumbani pia.

Mwenye kuandaa Gimlet kwa wageni wanne, kwa mfano, apime mililita 180 za jini, 60 za ndimu na 60 za shira katika mtungi mmoja mapema, na kuuweka kwenye friji. Wageni wakifika, atatikisa glasi mbili mbili kwa barafu mpya, kila glasi ikipata mililita 75 za mchanganyiko huo. Mtungi ukiisha, chupa ya jini irudishwe kabatini, na meza iletewe chakula na maji ya kunywa.